Mume wangu ameahidiwa ubalozi wa poka, anataka kuacha kazi

BARUA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nakuandikia usiku, mume wangu yuko zamu. Nina miaka 36, mzaliwa wa Arusha, na huu ni mwaka wa tisa tunaishi Texas. Mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, yeye anaendesha folklifti kwenye ghala la mizigo. Tuna watoto wawili. Yule wa pili ana pumu, na bima ya afya ya familia nzima inatoka kazini kwa baba yake.

Mume wangu si mlevi wala si mtu wa kulala nje. Poka, huu mchezo wa karata wa kuchezea fedha, alianza kujifunza kipindi cha korona, tulipofungiwa ndani, akaipenda kama babu yangu alivyopenda bao. Mwaka jana akafungua chaneli ya kufundisha poka kwa Kiswahili. Watu wakamiminika kuliko tulivyotegemea. Sasa wamefika 14,000, wengi wako Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wengine ni wenzetu wa huku Marekani. Mwezi wa tatu alishika nafasi ya tatu kwenye shindano la klabu moja ya karata hapa mjini, akarudi na dola 9,400. Nililia kwa furaha, sitakudanganya.

Sasa kampuni moja ya poka ya mtandaoni imemtafuta kupitia rafiki yake. Wanataka awe balozi wao. Watamlipa dola 1,500 kwa mwezi, kwa sarafu za kidijitali, avae nembo yao kila anapocheza na kila anaporekodi. Juu ya hapo atapata asilimia 35 ya kile kampuni itakachoingiza kutoka kwa kila mtu atakayejisajili kwa linki yake. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Yule rafiki naye anasema nusu ya kitakachopatikana ni yake kwa kuwa ndiye aliyewakutanisha. Hilo wamelizungumza kwa mdomo tu.

Mume wangu anataka kuandika barua ya kuacha kazi mwisho wa mwezi huu. Anasema wachezaji wakubwa hawaishi kwa kushinda, wanaishi kwa udhamini, na kwamba mabalozi wanakunja mamilioni hata siku wanazopoteza. Nikimuuliza ananitajia wachezaji mashuhuri, ananitajia Moneymaker, ananitajia Daniel Negreanu aliyeingiza zaidi ya dola milioni 50. Tuna akiba ya dola 22,000 tuliyoanza kuiweka kwa ajili ya nyumba. Anataka achukue 10,000 ziwe mtaji wa viingilio.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito. Yeye ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba, tuko familia 412, na kundi la WhatsApp la chama analisimamia yeye. Kampuni imemuulizia kundi hilo mara mbili.

Na mwakani tunatimiza muda wa kuomba uraia.

Mama, hawa watu hasa wanalipwa kiasi gani? Sitaki kuwa mke anayeziba riziki ya mumewe. Lakini nikimwangalia mtoto anavyokoroma na pumu yake, usingizi unaruka.

Mama Wawili, Texas


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na usiku huo.

Jambo ulilolitaja mwisho kama la kupita tu, lile la kundi la WhatsApp, ndilo nililolisoma mara tatu. Nitakueleza kwa nini, na kwenye maelezo hayo ndimo yalimo majibu ya swali lako la fedha.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dirisha la malipo la kasino moja Dar es Salaam, pale watu wanapobadilisha fedha kuwa chipu na chipu kuwa fedha. Kulikuwa na kijana, kila Ijumaa anakula bure na anapewa chipu za kuanzia mchezo. Mimi nikajua anaenziwa kwa sababu ni fundi wa karata, na kweli alikuwa fundi. Siku moja meneja akanionyesha daftari. Mbele ya jina la kijana yule kila Ijumaa palikuwa na namba: saba, tisa, sita. Ni watu aliokuja nao. Ijumaa aliyokuja peke yake hakuletewa hata soda.

Udhamini wa poka duniani kote uko hivyo, kuanzia pale dirishani kwangu mpaka Las Vegas. Kampuni hainunui ufundi wa mchezaji. Inanunua watu watakaomfuata mezani.

Tumchukue huyo Moneymaker ambaye mume wako anamtaja. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu wa Tennessee. Mwaka 2003 aliingia kwenye shindano dogo la PokerStars, kampuni ya poka ya mtandaoni, kwa dola 86, akashinda nafasi ya kwenda kwenye shindano kuu la Msururu wa Dunia wa Poka, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000. Akaenda Las Vegas, akawashinda wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Mwaka huo walikuwa wachezaji 839. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2006, kwenye shindano hilohilo waliingia 8,773. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliomwona mhasibu kwenye televisheni wakajiambia, kumbe hata mimi. PokerStars ikamfanya balozi na kukaa naye miaka 17. Wacheza karata hodari kuliko Moneymaker walikuwapo wengi tu wakati ule, naye hakuwahi kuficha hilo. Ila hakuna aliyewaleta watu wengi mezani kama yeye.

Sasa, wanalipwa kiasi gani? Mikataba ya mabalozi huwa na kifungu cha siri, kwa hiyo yeyote anayekutajia mshahara wa Negreanu anakisia. Namna za malipo zenyewe lakini zinajulikana, na zimeachana mbali kama mbingu na ardhi.

Juu kabisa waliwahi kuwapo wachezaji ambao hawakuwa mabalozi tu, walikuwa na hisa. Hao ndio wa mamilioni. Full Tilt Poker ilijengwa hivyo: sura za wachezaji mashuhuri kwenye matangazo, na baadhi ya sura hizo zikiwa ndizo wenye kampuni. Wizara ya Sheria ya Marekani ilidai kwamba kuanzia Aprili 2007 hadi Aprili 2011 kampuni ile iliwagawia wakurugenzi na wamiliki wake karibu dola milioni 440. Ni hela nyingi mno. Lakini Ijumaa ya tarehe 15 Aprili 2011 serikali hiyo ikafungua mashtaka dhidi ya waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker, na anwani za tovuti zao zikakamatwa na serikali siku hiyohiyo. Ikaja kudaiwa kwamba Full Tilt ilikuwa na deni la dola milioni 390 hivi kwa wachezaji wake duniani, huku benki ikiwa na milioni 60 tu. Watu wa kawaida walioweka hela zao humo kwa kuziamini zile sura walisubiri. PokerStars ilikubaliana na serikali mwaka 2012 kulipa dola milioni 731 na kuichukua Full Tilt, lakini Wamarekani walianza kurudishiwa chao mwaka 2014. Karibu miaka mitatu, mwanangu. Na mabalozi wadogo wa kampuni zile, waliokuwa wanalipwa kila mwezi kuvaa nembo, wengi walijikuta hawana mdhamini.

Ngazi ya pili ni mabalozi wa kudumu wenye majina. Kwao kampuni hulipa ada, mara nyingi hulipa na viingilio vya mashindano, nauli na hoteli. Hapo ndipo alipo Negreanu, na hapo ndipo nataka mume wako aangalie kwa makini, maana hizo milioni 50 anazozitaja ni fedha zilizoingia. Zilizotoka hazimo. Orodha za mapato ya wachezaji hazipunguzi viingilio. Negreanu mwenyewe ana tabia nzuri ya kutangaza hesabu zake za mwaka, na mwaka 2017 alionyesha kwamba alishinda karibu dola milioni 2.8 kwenye mashindano lakini viingilio vilimla karibu milioni 2.9. Mwaka ukaisha ana hasara ya zaidi ya dola 80,000, naye ni mmoja wa wachezaji bora waliowahi kukaa mezani. Mtu wa kiwango chake anahimili mwaka wa namna hiyo. Wewe na mume wako mna akiba ya 22,000.

Na hata huko juu mkataba una mwisho. Negreanu na PokerStars waliachana mwaka 2019 baada ya miaka 12, akahamia kampuni nyingine ya poka, GGPoker, mwaka huohuo. Moneymaker na PokerStars waliachana mwisho wa 2020. Vanessa Selbst, mwanamke aliyeingiza zaidi ya dola milioni 11 kwenye mashindano, aliacha ubalozi mwisho wa 2017 akaenda kufanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji. Alikuwa amesomea sheria Yale. Alikuwa na pa kwenda.

Zaidi ya hao, miaka ile kampuni ziligundua kwamba kama wanachotaka ni watu, si lazima waende kwa wacheza karata. PokerStars ikamchukua Rafael Nadal mwaka 2012, Neymar na Cristiano Ronaldo mwaka 2015, Usain Bolt mwaka 2018. Bolt na karata wapi na wapi? Lakini dunia nzima inamjua. Kikapu cha fedha za udhamini kikapungua kwa wale wanaojua kuchanga karata usiku kucha.

Hapo katikati likazaliwa kundi jingine, na mume wako ni wa kundi hili. Ni watu wanaocheza mubashara mtandaoni au kurekodi video zao wakieleza wanachofikiri. Jason Somerville alisajiliwa na PokerStars mwaka 2015 kwa sababu maelfu walimtazama akicheza. Brad Owen na Andrew Neeme walijulikana kwa video za michezo ya kawaida kwenye kasino, wakaja kuwa mabalozi wa World Poker Tour, msururu wa mashindano ya poka, na mwaka 2022 wakaingia ubia na mchezaji mwenzao Doug Polk kununua klabu ya karata hapohapo Texas. Kwa hiyo usimwambie mume wako kwamba anaota. Ana kitu halisi. Watu 14,000 wanaomsikiliza kwa Kiswahili, lugha ambayo makampuni haya hayana watu wake, ni mali. Nafasi ya tatu ya dola 9,400 nayo si ya kubeza. Mpongeze kwanza, tena kwa dhati, kabla ya neno jingine lolote.

Kisha mkae na karatasi na kalamu. Dola 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazitakatwa kodi kama mshahara wa ghalani. Atahesabiwa amejiajiri, na kodi ya kujiajiri peke yake kwa kiasi hicho ni karibu dola 2,540, kabla hata ya kodi ya mapato. Zinabaki 15,460. Tuseme anacheza shindano moja kwa wiki, kiingilio dola 300. Kwa wiki 52 ni dola 15,600. Mshahara wote wa ubalozi umeishia mlangoni pa klabu, na hajajaza mafuta ya gari. Atashinda baadhi, naam, ana uwezo. Lakini tangu mwaka wa kodi wa 2026 sheria mpya ya Marekani inamruhusu mchezaji kupunguza kwenye ushindi wake asilimia 90 tu ya alichopoteza. Akishinda 60,000 na kupoteza 60,000 mwaka huohuo, atatozwa kodi kana kwamba ana faida ya 6,000. Na kama mnajaza fomu ya kodi pamoja, kama mke na mume wengi wanavyofanya, deni hilo ni lako pia. Kulipwa kwa sarafu za kidijitali hakubadilishi kitu. Siku zinapoingia ndiyo siku ya kuandika thamani yake kwa dola.

Ghalani anapata kiasi gani kwa mwaka, pamoja na bima? Hukuniandikia, lakini wewe unakijua. Kiweke kando ya hesabu hiyo.

Naona mume wako naye ameshaipiga hesabu hii, hata kama hajasema. Ndiyo maana macho yake yako kwenye ile asilimia 35. Ada ya mwezi ni ya kumshikia mlango wazi. Kinachotegemewa ni watu. Na asilimia hiyo inatoka wapi? Kwenye poka nyumba haichezi dhidi yako, inakata kidogo kidogo kutoka kwenye kila mzunguko wa fedha mezani. Mtu akiacha dola 200 kwa makato ya miezi kadhaa, mume wako anapata 70. Lakini tovuti nyingi za poka zina pia mashine za kubahatisha na michezo ya kasino pembeni, ambako nyumba inakula moja kwa moja alichopoteza mchezaji. Someni mkataba mjue asilimia 35 inahesabiwa kutoka wapi. Kama na kasino imo, mume wako atalipwa zaidi kadiri watu wake wanavyoumia zaidi.

Watu wake ni nani? Hapo ndipo ninaporudi kwenye kundi lako la WhatsApp. Watu 14,000 wa chaneli wamekuja wenyewe, wamependa karata. Familia 412 hazikuja kwa ajili ya karata. Zilitoa namba zao za simu ili mtu akifiwa usiku wa manane apate wa kumshika mkono na mchango wa kusafirisha maiti. Katibu wa chama anapopost linki kwenye kundi hilo, hapost kama mtangazaji. Anapost kama yule aliyesimamia mazishi ya baba zao. Kampuni inajua hilo, ndiyo maana imeuliza mara mbili. Wewe utakutana na mke wa mtu kanisani ambaye hela ya kodi ya nyumba imepotea kwa linki ya mume wako, na asilimia 35 ya hela hiyo imenunua viatu vya mwanao. Nimekaa dirishani miaka, nimewaona wake wakija kuwafuata waume zao saa kumi alfajiri na mtoto mgongoni. Sitaki uwe upande wa pili wa kile kioo.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa sababu hapa mnahitaji wakili na siyo mimi. Poka ya fedha mtandaoni imeruhusiwa kwenye majimbo machache ya Marekani, kama Nevada, New Jersey, Pennsylvania na Michigan. Texas haimo. Kampuni inayomtaka mume wako awasajili watu wa Texas ina leseni ya wapi? Swali hilo kwenu ni zito kuliko kwa Mmarekani wa kuzaliwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, inapoeleza nani hahesabiki kuwa na mwenendo mwema wa kumpa uraia, inamtaja waziwazi mtu ambaye kipato chake kikuu kinatokana na kamari haramu. Sisemi kwamba ubalozi huu ni kamari haramu. Nasema mume wako anataka kuacha mshahara unaoeleweka na kuufanya huu kuwa kipato chake kikuu, mwaka mmoja kabla ya kukaa mbele ya ofisa wa uhamiaji. Wakili wa uhamiaji ausome mkataba kabla ya sahihi. Ada ya saa moja ya wakili iwe matumizi ya kwanza ya ubalozi huu.

Na wafuasi wa nyumbani nao wana sheria zao. Kenya mwezi wa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo ikapata sheria mpya ya michezo ya kubahatisha. Mtu anayetegemea wafuasi wa Nairobi aangalie alama za nyakati. Unakumbuka SportPesa? Julai 2017 iliwaleta Everton na Wayne Rooney uwanja wa taifa Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, mji mzima ukasimama. Mwaka 2019 ikagombana na serikali ya Kenya kuhusu kodi na leseni, ikasitisha udhamini wake wa michezo nchini humo, na klabu zikaanza kutembeza bakuli. Gor Mahia haikuwa imekosea kitu chochote uwanjani.

Huyo rafiki wa nusu kwa nusu naye msimwache hewani. Mwaka 2006, mwaka uleule wa wachezaji 8,773, mshindi alikuwa Jamie Gold, dola milioni 12. Kiingilio chake kilitokana na makubaliano na Bodog, kampuni ya kamari ya mtandaoni, awaletee watu mashuhuri wa kucheza kwa nembo yao. Mtu aliyemsaidia kuwapata, Crispin Leyser, akajitokeza na kusema aliahidiwa nusu ya ushindi, kwa mdomo. Mahakama ikazuia nusu ya fedha, kesi ikaendelea miezi kadhaa, mwisho wakapatana nje ya mahakama mwaka 2007. Nusu ya nini, kwa muda gani, na kama kuna hasara nani anabeba? Kama rafiki anastahili ada ya kuwakutanisha, iandikwe kiasi na iishe. Nusu ya jasho la mtu kwa kupiga simu moja si haki, na mume wako akilisema hilo sasa kabla fedha haijaingia, urafiki unaweza kupona.

Sasa wewe. Umeniuliza kama unaziba riziki. Huzibi. Lakini ukisema tu "hapana", atasikia kwamba humwamini, na mwanaume aliyetoka kushika nafasi ya tatu hataki kusikia hilo kwa mke wake. Mwambie: nataka ufike, ila kazi usiache mwaka huu. Mkataba wa ubalozi wa mtu wa video hauhitaji aache kazi. Anarekodi siku zake za mapumziko, anacheza mwisho wa wiki. Kama kampuni inamtaka kweli kwa ajili ya chaneli yake, itakubali. Aombe ilipe viingilio moja kwa moja kwenye mashindano badala ya yeye kutoa 10,000 zenu, maana hivyo ndivyo wanavyofanyiwa mabalozi anaowataja. Aombe alipwe kwa dola benki. Aombe kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30 pande zote mbili. Na kwenye kila video aseme wazi kwamba amelipwa, maana sheria za biashara za Marekani zinamtaka mtangazaji aseme hivyo. Majibu ya kampuni kwa maombi hayo yatakuonyesha wanamwona nani.

Akiba ya nyumba isiguswe. Zile 9,400 alizoshinda ndizo mtaji wake. Zikiisha, amecheza cha kwake na hakuna mtu wa kumlaumu. Zikizaa, na kwa miezi 12 ubalozi na meza vikaleta zaidi ya mshahara wa ghalani baada ya kodi, mkae tena mezani nyumbani kwenu, na siku hiyo mimi nitakuwa upande wake.

Na kama hata baada ya yote haya ataamua kuacha kazi, usikubali aache kabla hamjajua mtoto atapata wapi dawa mwezi unaofuata. Kwa kawaida sheria inamruhusu kuendelea na bima ya mwajiri hadi miezi 18 baada ya kuacha, lakini atalipa gharama yote mwenyewe pamoja na sehemu aliyokuwa akilipiwa na mwajiri. Apige simu ofisi ya wafanyakazi aulize kiasi, akiandike kwenye karatasi ileile yenye 15,460. Uliza pia kazini kwako kama wanaweza kuiingiza familia kwenye bima yako. Mna siku chache tu za kujiandikisha bima inapokatika, msizilale.

Kitu kimoja sitakibembeleza. Akisaini mkataba huo, na hata kama hataacha kazi, siku hiyohiyo akabidhi ukatibu na usimamizi wa kundi kwa mwanachama mwingine, mbele ya watu, na linki isiingie humo. Mwombe hilo kwa upole, usiku akiwa ameshakula. Akikubali, naamini mengine yote mtayapanga. Akikuambia haiwezekani, kwamba kampuni imeshaliweka kundi kwenye mpango, niandikie haraka kabla hajasaini, na unitumie ukurasa wa mkataba wenye kifungu hicho.

Mama Mkubwa